Nyumba ya Dende

Nilipokuwa mtoto, miguu yangu iliacha kunitii asubuhi moja ya siku ya shule. Mpaka leo kila mtu wa kwetu ana maelezo yake: kwa nini iliacha, na kwa nini baadaye ilirudi. Mimi mwenye miguu ndiye nisiye na maelezo. Nimewasikiliza wote kwa adabu, na kwa kuwa wengine wameshakufa na waliobaki wamechoka kubishana, naona hakuna ubaya nikiyaweka yote mahali pamoja.

Tulikaa Bukavu, Kadutu, kwenye mteremko ambao mvua ikinyesha kila nyumba humwagia jirani wa chini maji yake. Papa alikuwa mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari, na pia mzee wa kanisa. Mambo hayo mawili aliyachanganya bila shida, akieleza asidi na dhambi kwa sauti ileile. Nyumbani tulisema Kiswahili, na Kifaransa Papa alipokasirika. Kimashi, lugha ya wazee wetu, kilikuwa cha Nyantende, nje ya mji, walikokaa babu na Koko. Koko ndivyo tulivyomwita bibi, mama yake Papa. Kila likizo nilipelekwa huko, kwa hiyo Kimashi nilikijua kuliko Papa alivyodhani.

Nyuma ya nyumba ya babu, ukipita zizi, palikuwa na kibanda cha nyasi kilichonifika kifuani. Kilikuwa na mlango mdogo, na ndani hamkuwa na kitu ila kigae cha chungu. Hiyo ilikuwa nyumba ya baba yake babu, aliyekufa kabla Papa hajazaliwa. Asubuhi, babu hakuonja kasiksi yake, ile pombe ya ndizi, kabla ya kummiminia mzazi wake kidogo kwenye kigae na kumpa habari za nyumbani. Ng'ombe amezaa. Mvua imechelewa. Huyu hapa ni Nsimire, mtoto wa Mwalimu, amekuja likizo. Mimi ndiye niliyebeba kibuyu. Watoto wa majirani walikizunguka kibanda kwa mbali, maana ilijulikana kwamba anayekanyaga kizingiti cha mizimu bila kukaribishwa hufungwa miguu. Mimi sikuogopa, kwa sababu nilikuwa nimetambulishwa.

Kisha babu akafa. Papa alikuwa mtoto wake wa kwanza, na kwa desturi ndiye aliyepaswa kukitunza kile kibanda na kumjengea babu naye cha kwake. Alingoja matanga yaishe. Halafu akaja Nyantende na mchungaji wetu, na mashemasi wawili, na jembe.

Kibanda cha nyasi hakichukui muda kubomoka. Mashemasi waliimba, Papa akakata, na wimbo haukuwa umefika ubeti wa pili nyasi zilipokuwa chini. Nilikuwa nimesimama kando, nimeshika mkono wa Koko. Papa alifuta jasho, akaniona.

"Nsimire, kuya. Pita hapa juu, uone kama iko kitu."

Nilimtazama Koko. Koko alikuwa anatazama chini. Nikauachia mkono wake, nikapita juu ya nyasi, na juu ya jiwe bapa lililokuwa kizingiti. Nyasi zilikuwa laini na zenye joto la jua. Hakuna kilichotokea. Mchungaji alisema amina.

"Mumebomoa nyumba ya muntu," Koko alisema, bila kupandisha sauti. "Sasa mwenye nyumba ataenda kulala wapi? Ataenda kwa ule anamujua jina."

"Mama, mufu haombake nyumba," Papa alimjibu.

"Miye sisemi mufu. Ninasema baba-mukwe wangu."

Palepale pakalimwa, pakapandwa mashu, yaani kabichi. Jumapili iliyofuata Papa alitoa ushuhuda kanisani. Alisimulia vizuri, kama alivyosimulia kila kitu, na alipofika kwangu mchungaji aliniinua akanisimamisha juu ya benchi ili kusanyiko lote liione miguu iliyokanyaga mizimu isidhurike. Watu walipiga makofi. Nakumbuka nilijitahidi kutosogeza hata kidole.

Msimu wa mvua haukuwa umeisha nilipoamka, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikaiambia miguu isimame, nayo ikabaki inaning'inia. Haikuuma. Ilikuwa kama nimeazimwa miguu ya mtu mwingine na mwenyewe hajatoa ruhusa. Maman alidhani nakwepa jaribio la hesabu, akanichapa kofi dogo la begani. Kisha akanisimamisha, nikaanguka, naye akaacha kunichapa.

Hospitali walinigonga magoti kwa nyundo ndogo na miguu ikaruka vizuri kabisa. Walinipiga radio, ile picha ya ndani ya mwili, mifupa ikaonekana yote mahali pake. Daktari alimwambia Papa hakuna kitu. Nilijifunza siku zile kwamba neno hilo ni gumu kuliko jina la ugonjwa. Mwenye ugonjwa wenye jina huletewa ndizi mbivu na kuambiwa pole. Mwenye "hakuna kitu" huulizwa ataacha lini.

Kanisa lilikuja kuomba. Mchungaji aliiwekea mikono miguu ileile aliyoionyesha juu ya benchi. Akina mama wa kanisa walifunga pamoja na Maman. Wengine walinong'ona walipotoka, na nyumba za Kadutu kuta zake si nene. Papa alinibeba mgongoni kwenda chooni na kurudi, asubuhi na jioni. Uzito wangu haukuwa mkubwa, lakini alihema.

Maman hakuwa mtu wa kumpinga Papa. Kwa hiyo siku alipompinga sote tulisikia, pamoja na majirani.

"Weye njo ulimukanyagisha pale. Umupeleke kwa mama yako."

"Na ku kanisa nitasema nini? Nilitoa ushuhuda mbele ya batu bote."

"Sema ile utapenda. Miye napenda mutoto atembeye."

Hapo ndipo mambo yalipofika. Upande mmoja miguu yangu, upande mwingine jina la Papa, mtu ambaye hakuwa na mali nyingine zaidi ya kusadikiwa anaposema. Mzee wa kanisa akionekana kwa mfumu, yaani mganga wa mizimu, haachiwi hata ufunguo wa kanisa. Nilikuwa mtoto, lakini hilo nilijua. Nililala nikijua, na nilijiona mzito kwa wote.

Tulikwenda Nyantende katikati ya juma, siku ambapo watu wa kanisa wako kazini. Gari lilituacha barabarani na Papa akanibeba mgongoni kupanda kilima, viatu vyake vya darasani vikiteleza kwenye udongo mwekundu. Koko alikuwa ametuandalia viazi vitamu. Hakusema "nilikuambia." Alituangalia tunavyokula, kisha akamtuma mtu amwite mfumu wa pale, M'Bisimwa.

Nilikuwa nimemtarajia mtu wa kutisha. Alikuja mama wa makamo aliyefunga kitenge cha kwaya ya parokia, na mikono yake ilikuwa na udongo wa shamba la maharage. Alisalimu, akalalamika na Koko juu ya wadudu wanaotoboa maharage ghalani, akaomba beseni. Humo alivuruga majani ya mubirizi, yale machungu ambayo hata harufu yake hukamata koo. Alinikalisha kwenye kigoda ukingoni mwa shamba la mashu, pale pale palipokuwa kibanda, na kuanza kunisafisha miguu kutoka mapajani kushuka, kama mtu anayekamua nguo. Maji yaliyofika vidoleni aliyarusha kwenye kabichi. Hakugeuza macho. Mvua nyepesi ilikuwa inaanza.

"Sasa, Mwalimu," alisema, "sema na baba yako. Ye njo atamufikishia muzee wake."

Papa alivua miwani. Aliifuta, akaiweka mfukoni, akasimama wima kama alivyosimama mbele ya mkaguzi wa shule, na kuanza kwa Kifaransa. Alikuwa anasema kwamba tumekuja, kwamba tunaomba radhi kwa hali iliyojitokeza. M'Bisimwa alimwacha amalize sentensi.

"Ule muzee alisomaka Kifaransa ku masomo gani?"

Koko alicheka, akaziba mdomo kwa kitenge. Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu miguu iniache. Papa hakucheka. Mvua ikaongezeka, na hakuna aliyesogea kujikinga. Nilimwona anatafuta kitu mdomoni mwake, kama mtu anayetafuta ufunguo katika nguo aliyoivaa zamani. Kisha akasema, "Larha."

Ndiyo "baba" kwa Kimashi. Kimashi chake kilikuwa cha mtoto, kwa sababu alikiacha akiwa mtoto, alipopelekwa shule ya misheni. Alisema polepole, kwa maneno mafupi, na yote niliyaelewa. Alisema: Baba, si huyu mtoto aliyekanyaga. Miguu ilikuwa yake, lakini aliyekanyaga ni mimi. Mwachie. Kisha akasema: Nilikuwa naogopa.

Hakusema alikuwa anaogopa nini, na sikuwahi kumuuliza. Lakini nililia, nikalia sana, na si kwa sababu ya miguu. Tangu siku ya jembe nilikuwa nimebeba lile jiwe la kizingiti peke yangu, na sikujua kwamba nimelibeba mpaka mtu mzima alipojitokeza na kusema ni lake. M'Bisimwa alichota maji kinywani, akatunyunyizia, mimi miguuni na Papa viatuni. Halafu akatoa maagizo kama anayeeleza namna ya kupika sombe, majani ya muhogo.

"Hapa hapana tena, hapa imekuwa ya mashu. Utamujengea kwako, ku mujini, ye na baba yake, na mikono yako. Usiweke mutu mwingine. Na mutoto njo atamupelekeya."

"Pombe?" Papa aliuliza. "Kwangu pombe haiingiake."

M'Bisimwa alifikiri. "Basi maji. Muzee atazoea."

Miguu haikurudi siku hiyo. Nilirudi mjini mgongoni kwa Papa kama nilivyokuja. Tofauti pekee niliyoiona ni kwamba vidole vilikuwa na baridi kwa sababu ya mvua, na baridi hiyo ilikuwa yangu.

Papa alijua kuchora molekuli ubaoni bila kuangalia kitabu. Kusuka nyasi hakujua. Alichimba nyuma ya jiko, chini kabisa ya kiwanja ambapo majirani hawaoni vizuri, akasimamisha vijiti vya mikaratusi, navyo vikalala upande mmoja. Akavisimamisha tena, vikalala upande wa pili. Mimi nilikuwa nimekalishwa mkekani, kazi yangu kumpa kamba. Hatukuwahi kukaa pamoja hivyo, mimi na yeye, bila daftari katikati. Ilimbidi aniulize mambo, kwa sababu mimi nilikijua kibanda kuliko yeye: mlango ulitazama wapi, kigae kilikaa upande gani.

"Weye njo ulikuwa unabebaka kibuyu?" aliniuliza.

"Kila siku."

"Na babu alikuwa anasema nini?"

"Habari ya nyumba. Na yako pia."

Mikono yake ilisimama. "Yangu?"

"Alisemaka Mwalimu hana nafasi ya kuya, lakini iko na moyo muzuri."

Papa aligeukia vijiti, akafunga fundo ambalo lilikuwa limeshafungwa. Alilifunga na kulifungua na kulifunga tena. Nilimwacha, na baada ya muda akaninyooshea mkono nimpe kamba nyingine.

Kibanda kilisimama, kikiwa kimeinama kidogo kuelekea ziwa. Asubuhi Maman alinibeba mpaka pale, nikamimina maji kwenye kigae, nikasema habari. Nilisema kwa sauti ndogo, kwa sababu sikuwa na hakika babu anasikia vizuri mjini, penye kelele za pikipiki.

Mchungaji alikuja Jumapili mchana. Alikunywa chai, akauliza hali, na alipokwenda kunawa mikono uani akakiona. Kutoka mkekani nilimwona Papa amesimama nyuma yake, ameshika birika, hajui aliweke wapi.

"Muzee, ile kanyumba iko ya nini?"

"Ya dende," Papa alisema.

Dende ni wale wanyama wadogo wasio na mkia, wanaofugwa jikoni kwetu na kulishwa majani, ambao kwingine huitwa simbilisi. Sikuwahi kumsikia Papa akisema uongo, na niliona jinsi ulivyomtoka kwa shida, kama mfupa. Mchungaji alikunja goti, akachungulia. Ndani kulikuwa na kigae na maji safi.

"Dende beko wapi?"

"Banakuya."

"Na maji imekwisha kubatangulia," mchungaji alisema.

Alisimama, akajipangusa goti taratibu. Nimeifikiria sentensi ile miaka mingi, nikiwa nasafisha vyombo au nangoja mvua ipite, na sijaweza kuamua kama alijua. Alikuwa mtoto wa Luhwindja, na huko nako wazee wana vibanda. Alirudi ndani, akamalizia chai, akaiombea miguu yangu kwa muda mfupi kuliko kawaida yake. Mlangoni alimshika Papa mkono.

"Bakizaa, munikumbuke," alisema, akaenda zake.

Papa hakulala vizuri. Mtu mwingine angeshukuru na kusahau, lakini yeye hakuweza kukaa na neno la uongo nyumbani mwake. Kesho yake alirudi kutoka sokoni na sanduku la sabuni lililokuwa linapiga miluzi. Ndani mlikuwa na dume na majike, wakitetemeka. Aliwaingiza mmoja mmoja kwa mlango mdogo, akarudi nyuma, akatazama. Neno lake sasa lilikuwa kweli. Koko alipopelekewa habari kwamba mizimu wamewekwa nyumba moja na dende, tulidhani atakasirika. Alisema hakuna ubaya, mume wake alipenda wanyama.

Dende si kama mizimu. Wakichelewa kulishwa wanasema. Waliusikia mlango wa jiko na kupiga miluzi kwa pamoja, na Maman mwenye shughuli zake hakuweza kunibeba kila walipopiga. Kwa hiyo nilianza kujivuta kwa makalio, majani yakiwa mapajani. Halafu kwa magoti. Halafu nikagundua kwamba ukuta wa jiko una mahali pa kushika. Sikuyaona hayo kama dalili za kupona. Niliyaona kama kazi, na walionisubiri walikuwa na njaa.

Siku moja kitoto cha dende kilipenya chini ya mlango na kukimbilia mfereji. Kwetu mfereji wakati wa mvua hauchezewi, unabeba hata sufuria. Nilikidaka ukingoni, nikakikumbatia, na moyo wake ulikuwa unapiga haraka sana dhidi ya mkono wangu. Nilipoinua macho Maman alikuwa mlangoni pa jiko na mwiko wenye bugali. Hakuita wala hakunikimbilia. Baadaye alisema aliogopa kuishtua miguu. Nilikuwa nimesimama kando ya mfereji, mbali na ukuta, na Maman ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona. Nilipomfikia na kitoto changu alikaa chini palepale, kwenye majivu, na kujifunika uso.

Kila mtu akachukua sehemu yake. Koko alisema mume wake na baba mkwe wake wamepata pa kulala na sasa wametulia. Maman alisema ni kufunga na maombi ya akina mama, na akina mama walikubaliana naye. Daktari, tulipomrudia, alinigonga tena magoti na kusema watoto wakikua inatokeaka. M'Bisimwa aliuliza tu kama maji yanapelekwa. Papa hakutoa ushuhuda. Alipoulizwa kanisani alisema mtoto anatembea, Mungu asifiwe, na akatangaza namba ya wimbo.

Sasa mimi ni mtu mzima, na kazi yangu ni kupiga radio katika hospitali moja ya hapa mjini. Najua watu watasema hilo si bahati nasibu, na labda wana haki. Kila siku napiga picha za migongo na miguu, na mara nyingi mno picha huwa safi. Kuna mama alikuja kutoka Shabunda, hawezi kuinua mkono aliokuwa akimbebea mtoto, na mtoto amekufa. Kwenye picha bega ni zima. Wenzangu huandika kwamba hakuna cha kuonyesha, na wanaandika kweli. Mimi huwa nawauliza wagonjwa, wakati wanavaa, ni nani wa nyumbani anayejua kwamba wanaumwa. Si sehemu ya kazi. Wengine hunijibu kwa urefu mpaka foleni inagomba.

Papa aliendelea kuwa mzee wa kanisa mpaka alipostaafu, na nilimsikia kwa masikio yangu akihubiri dhidi ya mizimu, ingawa sauti yake ilishuka akifika hapo. Kila kiangazi alitengeneza paa la kibanda. Wakati wa vita dende walipotea wote, na kila mtu hapa anajua dende hupoteaje wakati wa vita. Hakununua wengine. Lakini kila asubuhi, kabla ya chai, alishuka nyuma ya jiko na kopo la maji, na akirudi kopo lilikuwa tupu. Maman alikufa bila kumuuliza. Nami sikumuuliza. Katika nyumba yetu kulikuwa na maswali ambayo kutouliza ndiyo heshima yake.

Msimu wa mvua uliopita mteremko uliteleza. Hakuna aliyeumia kwetu, tunamshukuru Mungu, lakini pembe ya chini ya kiwanja ilikwenda na mikaratusi ya jirani, na kibanda kikaenda nayo. Papa alisimama akatazama udongo mpya kwa muda, akiwa na kopo mkononi. Kabla kiangazi hakijaingia hakuwa anatoka tena kwenye kiti chake cha dirishani. Alisema miguu imekataa.

Nilimleta kwenye mashine yetu. Ni mimi niliyemlaza, niliyemwambia asitikisike. Magoti yalikuwa ya mzee, yameisha kidogo hapa na pale, lakini hayakutosha kueleza mtu anayeshinda kwenye kiti. Niliishika picha kwenye mwanga na nikahisi lile neno "hakuna kitu" linanijia mdomoni. Sikulitoa. Nililijua neno hilo kutoka upande wa pili.

Siamini kwamba babu alilala kwenye nyasi. Wala siwezi kuapa kwamba hakulala. Ninachojua ni kwamba baba yangu alisimama kwenye mvua na kusema kosa ni lake, na kwamba baada ya hapo ilibidi pawe na mahali pa kulipeleka neno hilo kila asubuhi, mahali pa kuinamia, penye mlango. Labda uganga wote wa M'Bisimwa ulikuwa huo, na majani yalikuwa ya kunukia tu. Labda pia nasema hivi kwa sababu nimesoma, na mwenye kusoma hapendi kuacha kitu bila kukiwekea jina.

Niliomba ruhusa kazini. Nilileta vijiti, nyasi na kamba, nikachimba karibu na nyumba, upande wa juu ambao udongo bado umeshika, chini ya dirisha lake. Mimi nami sijui kusuka. Vijiti vililala upande mmoja, nikavisimamisha, vikalala upande wa pili. Alinitazama muda wote kupitia kioo. Nilipoweka kigae ndani alifungua dirisha.

"Nsimire. Iko ya nini?"

Nilijifuta mikono kwenye kitenge. "Ya dende, Papa."

Alikitazama kibanda, namna kilivyoinama. Akanitazama mimi.

"Miye pia nilimuambiaka mchungaji vile," alisema. Kisha akaniuliza viatu vyake nimeviweka wapi.